WAPANGAJI WENGI KATIKA NYUMBA MOJA YA MITAMBO: FUNZO KUTOKA UKANDA WA DHAHABU WA GEITA NA SHINYANGA

(Ifuatayo ni mada iliyotolewa mbele ya watumishi wa umma na wananchi. Inachapishwa kwa ukamilifu kwa faida ya wasomaji ambao hawakuweza kuhudhuria.)

 

 Nimetakiwa nieleze namna taasisi nyingi zinavyoweza kutumia chumba kimoja cha seva, kila moja ikipewa mashine yake nzima, bila ya siri za mmoja kuvuja kwa mwengine. Nitachukua mfano wangu Tanzania Bara, katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga, kwani huko ndiko suala hili linakoonekana wazi zaidi.

Ndugu Mwenyekiti, Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega maeneo ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, wilayani Kahama, mwaka 2001. Pembeni mwa migodi hiyo wapo maelfu ya wachimbaji wadogo. Ni kwa ajili yao hasa kwamba Machi 2019 soko la dhahabu lilifunguliwa mjini Geita, na masoko mengine yakafuata, Kahama ikiwemo.

Ndani ya soko la namna hiyo, mzigo mmoja wa dhahabu hutazamwa na macho mengi. Tume ya Madini hupima na kutoza mrabaha, ambao sheria ya mwaka 2017 iliuweka asilimia 6, pamoja na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Halmashauri ilikuwa ikidai ushuru wa huduma wa asilimia 0.3. Mamlaka ya Mapato ina hesabu zake, benki ina zake, na mnunuzi ana zake. Kwa viwango hivyo, dhahabu ya shilingi milioni 100 ilitoa mrabaha wa milioni 6, ada ya milioni 1 na ushuru wa shilingi 300,000. Wote hao wanahusika na gramu zile zile, lakini hakuna hata mmoja anayeruhusiwa kulifungua daftari la mwenziwe.

Uzito wa jambo hili tuliuona mwaka 2017, pale makontena 277 ya makinikia yalipozuiliwa katika bandari ya Dar es Salaam. Ugomvi wote ulikuwa juu ya kilichomo ndani yake: Serikali ilikuwa na hesabu yake na kampuni ilikuwa na hesabu yake. Ilichukua hadi Oktoba 2019 kutangazwa makubaliano yaliyozaa kampuni ya ubia ya Twiga. Hesabu isiyoaminika ina gharama kubwa, na hesabu haiwezi kuaminika ikiwa hatuujui mtambo unaoihifadhi.

Sasa nije kwenye mtambo wenyewe. Iwapo taasisi tano zitajenga vyumba vitano vya seva, tutanunua jenereta tano na viyoyozi vitano, na tutatafuta mafundi makundi matano. Ni busara kujenga chumba kimoja. Baadhi ya kazi hutosheka na seva moja iliyogawanywa kwa programu. Lakini zipo kazi, kama vile hifadhidata kubwa na utunzaji wa funguo za siri, ambazo mwenyewe hutaka mashine kamili asiyochangia na mtu. Huyu tumwite mpangaji. Akimaliza muda wake, mashine ile ile hupewa mpangaji mwengine.

Wachimbaji wa Geita wanaifahamu hatari iliyopo hapo bila ya kufundishwa. Wao hupeleka mawe yao kwenye karasha, yaani mtambo wa kusaga mawe ya dhahabu, unaotumiwa na watu kwa zamu. Mawe ya mtu yakishasagwa, chembe zake hubaki ndani ya mtambo. Mwenye mali hasogei mpaka usafishwe. Na marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, kwa desturi humbakia mwenye karasha, nayo bado yana dhahabu inayoweza kutolewa kwa sayanaidi. Seva nayo ina marudio yake. Diski isiyofutwa ni mali ya mpangaji aliyeondoka, mikononi mwa aliyeingia.

Kwa hiyo, mtandao wa chumba hicho lazima ugawanywe katika sehemu nne:

(a) Mtandao wa usimamizi. Kila seva ina kompyuta ndogo ndani yake inayoweza kuiwasha, kuizima na kuisimamia hata ikiwa imelala. Mpangaji yeyote asifike hapa kabisa.

(b) Mtandao wa usafi. Mashine iliyorudishwa huwekwa hapa. Diski hufutwa na programu za ndani ya vifaa hukaguliwa.

(c) Mtandao wa maandalizi. Hapa mashine hupakiwa mfumo wake mpya.

(d) Mtandao wa mpangaji. Kila taasisi ina wake peke yake.

Huenda mtu akauliza, kwa nini (c) na (d) zisiwe kitu kimoja? Jibu ni hili. Seva tupu ikiwashwa haijui chochote. Hupiga ukelele mtandaoni kuomba anwani na programu ya kuanzia, na humwamini yeyote atakayeijibu. Ikiwa mpangaji mwengine yumo katika mtandao huo, anaweza kujibu kabla ya mwenye haki, akaipakia programu yake. Mashine ya ushuru itaamka asubuhi ikimtumikia mtu baki.

Kazi ya kuihamisha seva kutoka mtandao mmoja kwenda mwengine haifanywi kwa kuchomoa waya. Programu ya usimamizi huiamuru swichi kubadili namba ya mtandao katika tundu husika. Programu huria iitwayo Ironic, iliyo katika mradi wa OpenStack, ilipata uwezo huu mwaka 2016. Kabla ya hapo wapangaji wote walikaa katika mtandao mmoja. Kwa utaratibu wa kawaida wa swichi, namba zinazoweza kutumika ni 4,094. Kwa vituo vikubwa kupita hapo upo utaratibu wa VXLAN, uliochapishwa mwaka 2014, unaoruhusu zaidi ya milioni 16.

Yapo mambo mawili ambayo mafundi huyasahau. La kwanza ni daftari la nyaya. Programu huamini yale iliyoandikiwa. Ikiwa seva ya halmashauri imeandikwa katika tundu la benki, itapelekwa kwa benki bila ya swichi kulalamika. La pili ni kwamba swichi nyingi hungoja kiasi cha sekunde 30 kabla ya kufungua tundu lililowashwa upya, zikihofia mzunguko wa nyaya. Seva huchoka kungoja, na fundi hudhani ni mbovu. Tundu la seva lipangwe kufunguka mara moja.

Kuhusu usafi, diski peke yake haitoshi. Mwaka 2019 watafiti wa kampuni ya Eclypsium walionyesha kwamba badiliko waliloliweka katika kompyuta ndogo ya usimamizi ya seva ya kukodi, katika huduma ya IBM, lilibakia hata baada ya mashine kurudishwa na kutolewa tena. Karasha lilikuwa limefagiliwa nje tu.

Ndugu Mwenyekiti, kwa kuhitimisha, napendekeza kila taasisi inayotaka kupanga katika chumba cha pamoja idai mambo matatu kwa maandishi: uthibitisho kwamba mashine imesafishwa, diski na vifaa vya ndani, jina la cheo cha mwenye ruhusa ya kuziamuru swichi, na ukaguzi wa daftari la nyaya kwa kulilinganisha na nyaya zenyewe. Mchimbaji asiyejua kusoma hukaa kulilinda jiwe lake karashani. Sisi tuliokabidhiwa kumbukumbu za wananchi hatuna udhuru wa kufanya pungufu ya hapo.