Arabuni ya Fundi Seremala



Juma hili, tarehe 1 Mei, Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Sikukuu hiyo iliwekwa na Papa Pio XII mwaka 1955, ili siku ambayo wafanyakazi wa dunia huiadhimisha kwa maandamano ipate pia msimamizi wake mbinguni. Injili yake ni ya Mathayo, sura ya 13. Watu wa Nazareti wanamsikia Yesu akifundisha katika sinagogi lao, wanastaajabu, kisha papo hapo wanajikwaa: wanaulizana kama huyu siye mwana wa yule seremala wanayemjua. Hawakuona kwamba hekima ya Mungu yaweza kukaa miaka mingi penye randa na msumeno. Mtakatifu Yustino, aliyeifia imani katika karne ya pili, aliandika kwamba Bwana wetu alitengeneza plau na nira. Tuingie basi katika karakana.

Vijana wawili, ambao tangazo la ndoa yao limekwisha kusomwa kanisani, wanakwenda kwa fundi kuagiza kabati la droo. Droo ndiyo ile ambayo wazee wetu waliiita mtoto wa meza, na watu wa pwani saraka. Hawalitaki kabati lililowekwa barabarani kwa mpita njia yeyote. Wanataka lao, la droo tano, kwa kipimo cha ukuta wa chumba chao, la mbao za mninga. Fundi anapima, anachora kwa penseli juu ya kipande cha ubao, wanavutana bei mpaka wanapatana. Kisha anatamka neno linalojulikana bara na pwani: anaomba arabuni.

Neno hili ni la kale. Waebrania walilitumia, Wayunani walilitumia, nasi tulilipata kwa njia ya Kiarabu, kutoka kwa watu wa biashara. Arabuni si zawadi, wala si ada ya kuingilia karakana. Ni sehemu ya bei yenyewe, iliyotangulizwa ili kumfunga aliyeitoa. Akigeuka na kwenda zake, amepoteza. Na fundi akiisha kuipokea hawezi tena kusema kwamba hawajui watu hawa. Mtakatifu Paulo, aliyekuwa mshona mahema na bila shaka aliyajua maneno ya sokoni, analitumia neno hili mara tatu katika nyaraka zake, mara mbili kwa Wakorinto na mara moja kwa Waefeso, na kila mara anasema juu ya Roho Mtakatifu. Tutafakari ujasiri wa usemi huo! Mungu, ambaye hadaiwi na mtu, amekubali kuwa kama mteja aliyetanguliza fedha. Siku ya ubatizo na kipaimara alitoa sehemu ya ule urithi kamili, akajifunga mwenyewe. Ndiyo maana Mkristo aliye mgonjwa, au aliyefiwa, au aliyeanguka dhambini, haulizi kama Mungu bado anamtaka. Arabuni imekwisha kutolewa.

Lakini turudi kwa fundi wetu, kwani sasa ameshika fedha za watu. Jambo la kwanza ni mbao. Mninga humea katika misitu ya miombo, kama ile ya Tabora, Rukwa na Ruvuma, nao ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Hukua polepole, mti unaofaa kupasuliwa mbao umekaa msituni miongo mingi ya miaka. Basi anayenunua mbao za magendo, zilizokatwa usiku bila kibali, asijifariji kwamba ameokoa fedha kidogo. Amewaibia watoto ambao hawajazaliwa. Hayo tuyaache kwa leo.

Jambo la pili ni ukavu. Ubao mbichi una maji ndani yake, na unapokauka husinyaa. Si kwa urefu, ambao haubadiliki sana, bali kwa upana. Mninga husinyaa kidogo kuliko miti mingine mingi, na mafundi huupenda kwa sababu hiyo, lakini nao hautaki haraka. Fundi mwaminifu huzipanga mbao kivulini, akitia vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, na kungoja. Hata zikiisha kukauka, huiachia droo nafasi ndogo juu yake, kwa kuwa masika ubao hunywa unyevu wa hewa na kuvimba tena. Fundi wa haraka huunga mbao mbichi, hupiga msasa, hupaka vanishi ya kung'aa, na siku ya harusi kila mtu husifu. Ikija kiangazi, viungo vinaachia. Ikija masika, droo inakwama. Bibi arusi anaivuta kwa mikono miwili hadi kishikio kinang'oka.

Makatekista wapendwa, ninyi mnayafahamu haya kuliko sisi. Wanakuja kwenu wachumba wanaotaka mafundisho ya ndoa yaishe kwa majuma mawili, kwa kuwa ukumbi umekwisha kulipiwa na kadi za michango zimegawiwa. Wanakuja wazazi wanaonung'unikia miaka ya ukatekumeni. Msiwaonee haya. Aliyekaushwa kivulini, polepole, hewa ya sala ikipita kati ya somo na somo, atafunguka na kufungika kwa amani hata masika ya nyumba yake yatakapofika.

Kuna tena upande wa ndani. Mteja huona uso wa mbele. Nani ataivuta droo mpaka mwisho, aigeuze, atazame kama ubao wa nyuma umeungwa kwa patasi au umepigiliwa misumari miwili tu? Katika kitabu cha Kutoka, Mungu alimjaza Bezaleli roho yake, si ili ahubiri, bali ili achonge miti na kufua madini. Naye akalitengeneza sanduku la agano kwa mti wa mshita, urefu wake dhiraa mbili na nusu, akalifunika kwa dhahabu safi ndani na nje. Ndani pia, ambako palikuwa na giza na mbao za agano tu.

Kabati limekamilika. Limebebwa kwa mkokoteni Jumamosi jioni, limeingia chumbani, limekaa ukutani barabara kama lilivyopimwa. Fundi amesimama mlangoni na kofia mkononi, anangoja salio. Hapa ndipo wengi wanaopokea Komunyo kila Jumapili humwambia, "Fundi, pita Jumatatu." Jumatatu mwenye nyumba amesafiri. Torati ya Musa iliamuru kwamba ujira wa maskini utolewe siku ile ile, kabla jua halijachwa, kwa sababu moyo wake unautumainia. Arusi ina keki na matarumbeta; mke wa fundi naye anangoja unga.

Parokia zitakazoadhimisha Misa ya Mei Mosi ziwaalike mafundi walete vifaa vyao vibarikiwe, na wenye madeni nao waalikwe.