Mama aliyepasuliwa asilale tu

Wengi wanasema: mama aliyepasuliwa tumbo ili azae, alale tu mpaka kidonda kipone. Hapana! Akilala tu, damu ya miguu inatembea polepole, na inaweza kuganda ndani ya mshipa. Kipande kikikatika kinapanda mpaka kwenye mapafu, na mama anaweza kufa ghafula.

Basi, munganga akisema simama, simama, hata kama kidonda kinauma. Tembea kidogo kidogo. Kunywa maji. Kwa majuma 6 ujiangalie vizuri.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, bibi asiukande na maji ya moto. Kuja hospitali siku ile ile. Pumzi ikikatika ao kifua kikichoma, wakulete mbio, hata usiku.

Mungu amekupa mtoto. Naye anahitaji mama mzima.