Kuweka Akiba ya Oili ya Motokaa

Wasikilizaji watakumbuka mwezi wa Aprili mwaka 2022, wenye motokaa walipopanga foleni ndefu katika vituo vya petroli vya Kenya. Vita vya Urusi na Ukraine vilikuwa vimepandisha bei ya mafuta duniani, na makampuni yalikuwa yakiidai Serikali fedha za ruzuku. Tarehe 15 ya mwezi huo bei ya petroli mjini Nairobi ilipanda kutoka Shs. 134.72 kwa lita hata Shs. 144.62.

Mtu wa Kisaju, akaaye kando ya barabara kuu ya Kajiado na Namanga, huona upungufu kama huo upesi, naye hutaka kujaza madebe. Lakini petroli si kitu cha kulala nacho nyumba moja. Mvuke wake huwaka kwa cheche ndogo ya jiko.

Oili ya injini ni mbali. Kopo lisilofunguliwa, likiwekwa mahali pakavu pasipo jua, hudumu miaka kadhaa. Bei yake haipangwi na Serikali kama ya petroli, basi kila duka hutoza lipendavyo. Hata hivyo mwenye pikipiki ana haja gani na madebe kumi? Injini yake hutaka kama lita moja tu kila oili ibadilishwapo. Akague kifuniko kwanza, maana wako wadanganyifu waokotao makopo matupu na kuyajaza oili iliyokwisha kutumika, nayo huharibu injini. Makopo matupu na yatobolewe kabla ya kutupwa, wala oili chafu isimwagwe karibu na maji wanyweshapo ng'ombe.