Mafunzo ya Kwanza kwa Vijana Wanaoingia Kazi ya Ndege

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama wetu wa Kajiado mbele ya vijana wa Kitengela)



Mimi ni mtu wa reli. Kazi yangu ni breki na bendera katika njia ya Konza hadi Magadi, na shule yangu ilikuwa ya misheni, darasa la nane tu. Mtauliza, mtu wa gari moshi ana neno gani kwa watu wa ndege? Sababu ni binti wa dada yangu. Alilipa karo katika chuo kimoja ambacho sitakitaja, na kwa miezi mitatu akafundishwa kutembea, kupaka rangi ya mdomo na kumimina chai. Nilipomwuliza ndege hushikwa na nini hewani, alinyamaza. Karo ile ilikuwa ng'ombe wawili wa dada yangu. Kwa hivyo kabla ya kulipa, ulizeni kwanza kama chuo kimekubaliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA. Binti alianza upya mahali pengine, na jioni mimi nilimshikia kitabu nikimwuliza maswali. Hivyo nami nikajifunza.

Bawa la ndege husukuma hewa chini, nayo hewa hulisukuma bawa juu. Pasipo mwendo hapana kuinuka. Gari letu likikosa mwendo husimama relini na watu wakanung'unika. Ndege haina reli chini yake. Tena Embakasi iko zaidi ya futi 5,300 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Hapo ndege hutaka mwendo mkubwa zaidi kabla ya kuruka, na njia ya kurukia ina urefu wa zaidi ya mita 4,100.

Tarehe 20 Novemba 1974 ndege ya Lufthansa, Boeing 747, iliruka hapo kwenda Johannesburg. Mbele ya mabawa kuna vipande vinavyotokezwa ili bawa lishike hewa wakati mwendo ungali mdogo. Siku ile havikutokezwa, maana hewa ya kuviendesha haikufunguliwa. Ndege iliinuka kidogo, ikaanguka. Walikuwamo watu 157, wakafa 59. Lakini tazameni hesabu ya pili: watu 98 walitoka hai. Kazi yenu hasa ni hao 98. Ndege kubwa hairuhusiwi kubeba abiria mpaka ionyeshwe kwamba watu wote waweza kutoka kwa sekunde 90, kwa nusu ya milango tu. Nchi nyingi zataka mhudumu mmoja kwa kila viti 50. Ishikeni nambari hiyo, ndugu, kwa maana siku moja tajiri atakuja kuwaambia kwamba wawili wanatosha pale panapotakiwa wanne.

Sasa hewa ya kupumua. Ndege ikiwa juu futi 35,000, hewa ya ndani hushindiliwa iwe kama ya mlima usiozidi futi 8,000. Msiogope, stesheni yetu ya Timboroa iko zaidi ya futi 9,000, na watu wanakaa huko wakilima viazi. Hatari ni hewa hiyo ikitoroka. Kwa futi 35,000 mtu ana nusu dakika hadi dakika moja ya akili timamu, kisha hajui afanyalo. Vinyago vikianguka, vaa chako kwanza, halafu umvalishe mtoto. Binti alilikataa jambo hili, akaliona ni uchoyo. Nikamwambia, ukizimia wewe, nani atamvalisha huyo mtoto?

La mwisho nalisema polepole. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikija Nairobi kutoka Addis Ababa ilitekwa nyara, ikaishiwa mafuta, ikaanguka baharini karibu na Ngazidja, Komoro. Walikuwamo watu 175, wakafa 125. Baadhi yao walikuwa wamejaza hewa maboya yao wangali ndani. Maji yalipoingia, maboya yaliwainua mpaka darini, wasiweze kupiga mbizi kuufikia mlango. Mnapowaambia abiria, "Jaza ukiisha kutoka," msilitamke kama wimbo. Mtazameni mtu usoni mpaka aitike.

Kuna na habari ya saa. Watu wa ndege huandika saa moja kwa dunia nzima, nasi Kenya tumeitangulia kwa saa tatu. Saa tatu yetu ya asubuhi Mwingereza huiita tisa, na kitabu cha ndege huandika 0600. Siku moja binti aliandikiwa kwa saa hiyo afike Embakasi 0300. Mimi, mjomba mwenye kujua kitabu, nikaisoma kwa Kizungu, nikamwamsha saa saba usiku. Saa tisa tulikuwa langoni tukitetemeka, na askari akatucheka: alitakiwa saa kumi na mbili.

Mwenyekiti, binti mwenyewe ameketi pale nyuma. Maswali yaliyo magumu mwulizeni yeye.