Mnyama wa Baharini Aliyegeuka Jiwe

Vijana wetu wa Kitui na Makueni hurudi kutoka shuleni na hesabu za mamilioni ya miaka, na wazee wengine huwanyamazisha. Tusiwanyamazishe. Kitabu cha Mwanzo chatuambia ni nani aliyeumba viumbe vya bahari. Hakikutupa tarehe zao.

Tumtazame trilobiti, mnyama wa bahari wa kale, wa ukoo mmoja na kaa, nge na jongoo. Tusimtafute Nzambani wala katika vilima vya Mbooni. Mawe yetu yalipikwa na kukandamizwa chini ya ardhi miaka milioni 600 hivi iliyopita, naye alitokea baadaye, yapata milioni 521 iliyopita. Huko Moroko, karibu na mji wa Erfoud, wachimbaji humtoa mwambani. (Wengine huuza wa bandia, basi mnunuzi na awe macho!)

Ajabu kubwa ni macho yake. Lenzi zake zilikuwa za kalsiti, madini yale yale ya mawe ya chokaa, ndiyo maana zadumu hata leo. Alipokua alijivua gamba kama kaa, hivyo mengi yanayookotwa ni magamba matupu. Ukoo wake wote ulikwisha miaka milioni 252 iliyopita, pamoja na viumbe wengi wa baharini.

Lakini wako waliojikunja kama jongoo aliyeguswa kwa kijiti. Hao si magamba matupu. Walijikinga, tope likawafunika, nao wangali vivyo hivyo, mkia umefichwa chini ya kichwa.