Baiskeli Itamlisha Mtoto? Funzo Kutoka kwa Kocha Kinjah

(Hotuba ya afisa wa michezo kwa wazazi na vijana katika baraza la wadi)

 

Mama mmoja alinijia ofisini akiwa na hasira. Mwanawe wa Kidato cha Pili hushinda barabarani na baiskeli. Akaniuliza, "Afisa, hiyo baiskeli itamlisha?" Mama huyo yuko hapa leo, na swali lake ni la wazazi wengi.

Wengi wenu mmesikia jina la Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kushinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Mashindano hayo huchukua wiki tatu na kupita kilomita 3,000. Lakini kabla ya dunia kumjua, Froome alikuwa kijana mdogo akifanya mazoezi na David Kinjah, kule Kikuyu, Kaunti ya Kiambu.

Kinjah mwenyewe alikuwa mwendeshaji hodari. Aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, na aliwahi kuendesha katika timu ya kulipwa nchini Italia. Angeweza kukaa na sifa zake. Badala yake aliwafungulia vijana wa kijijini mlango wa nyumba yake, wengi wao wakitoka katika familia zisizojiweza. Kundi hilo ndilo Safari Simbaz.

Huko vijana hawafunzwi mbio pekee. Hushika spana, wakajifunza kutengeneza baiskeli. Barabarani hujifunza kuendesha kwa kundi. Aliye mbele hukata upepo, walio nyuma hupunguziwa kazi. Akichoka hukaa kando, mwingine akashika zamu. Kijana asiyejua kupokezana zamu hafiki mbali, hata awe na nguvu za simba.

Sasa mama, nikujibu kwa ukweli. Kati ya vijana wote waliopita mikononi mwa Kinjah, aliyeshinda Tour de France ni mmoja tu. Siwezi kukuahidi kwamba wa pili ni mwanao. Lakini kijana anayejua ufundi wa baiskeli ana kazi mkononi hata siku atakapoacha mashindano. Na aliyezoea kuamka alfajiri na kumngoja mwenzake aliyepata pancha amepata malezi.

Nina maombi matatu.

Wazazi, msiifungie baiskeli stoo. Pangeni saa: masomo kwanza, kisha mazoezi.

Vijana, vaeni kofia ngumu na nguo zinazoonekana. Muwe na taa na breki nzima. Na ile tabia ya kushikilia lori mkipanda mlima, komeni. Dereva hakuoni, na akikata kona ghafla hakuna kocha atakayekuokoa.

Nanyi mliowahi kushindana mkastaafu, najua mko hapa. Ujuzi mlio nao msiuache ukaota kutu. Msingoje jengo, Kinjah alianzia nyumbani kwake. Chukueni vijana watano tu.

Mama, Jumamosi asubuhi mlete mwanao uwanjani. Aje na baiskeli aliyo nayo, hata ikiwa ni Black Mamba ya babu yake. Tutaanza na kuziba pancha.