Dawa Isiyojificha
Hotuba ya mgeni rasmi kwenye mahafali ya wahitimu wa famasia, Mbagala, Dar es Salaam

 

Wazazi, hongereni. Ada ya vijana hawa imetoka kwenye vibanda vya chipsi, kwenye bodaboda, kwenye vikoba na kwenye mishahara isiyotosha, na leo mnaona matunda yake. Wahitimu, hongereni zaidi. Mkishasajiliwa na Baraza la Famasi, wengi wenu mtasimama nyuma ya kaunta za maduka ya dawa ya Mbagala, Tandika, Tandale na Mwananyamala, na wengine kwenye madirisha ya dawa ya zahanati zetu.

Nataka kuzungumza nanyi juu ya jirani mtakayemkuta huko: muuza miti shamba.

Mnamjua. Meza yake iko karibu na kituo cha daladala, juu yake turubai, na kipaza sauti kinarudia maneno yale yale tangu asubuhi: vidonda vya tumbo, ngiri, chango, bawasiri, presha, kisukari, nguvu za kiume. Chupa za maji ya kunywa zimejazwa upya kitu cha rangi ya kahawia. Lebo ina picha ya mwenye dawa na namba yake ya simu. Jina la mti halimo, tarehe ya kutengenezwa haimo. Kipimo ni kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni, uwe na kilo 50 au 90.

Wapo watakaowaambia kwamba haya ni mambo ya watu wasiosoma. Msikubali. Nchi iliyotuletea sheria nyingi za dawa ilipita njia hiyo hiyo, tena kwa muda mrefu.

Enzi za Malkia Victoria, kuanzia 1837 hadi 1901, Uingereza ilijaa dawa za siri zilizouzwa madukani na magazetini. Thomas Beecham alikuwa mchunga kondoo aliyejifunza majani ya dawa, akaanza kuuza vidonge vyake sokoni, kisha akafungua biashara mjini St Helens. Matangazo yake yalidai kisanduku kimoja kina thamani ya gini nzima, na orodha ya magonjwa yaliyodaiwa kutibiwa nacho ilikuwa ndefu kuliko ya mwenzetu wa kituo cha daladala. Ilipofika mwaka 1909, Chama cha Madaktari wa Uingereza kilichapisha kitabu cha uchunguzi wa dawa hizo, kiitwacho Secret Remedies. Ndani ya vidonge vya Beecham walikuta shubiri, tangawizi na sabuni. Malighafi ya kisanduku chenye vidonge 56 iligharimu nusu ya fadhingi, sarafu ndogo kuliko zote. Mnunuzi alilipa zaidi ya mara mia moja ya gharama hiyo. Wahenga wetu walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Na shubiri ni ile ile tunayoijua pwani, ambayo bibi zetu waliipaka kwenye titi kumwachisha mtoto kunyonya. Katika shubiri zilizouzwa London wakati huo ilikuwamo iliyopitia Zanzibar. Mmea tunaoujua huku ulifika kule, ukasagwa, ukafichwa jina, ukawa muujiza.

Beecham alimwendesha mtu choo tu. Wengine waliua. Mama aliyehangaika na mtoto anayeota meno aliuziwa Mrs. Winslow's Soothing Syrup, na mtoto alitulia kweli, kwa sababu chupani mlikuwa na mofini. Wapo waliolala wasiamke, na mama zao hawakujua walichowanywesha, kwa kuwa hakuna aliyelazimika kuwaambia.

Kuna jambo moja katika habari hiyo naomba mlishike. Dawa zile zilibandikwa stempu ya serikali. Ilikuwa stempu ya kodi tu, lakini wanunuzi waliiona wakaamini kwamba serikali imeikagua dawa na kuipitisha. Leo Temeke na Kinondoni tunaona jambo lile lile. Muuzaji anaonyesha leseni ya biashara, anaonyesha namba ya mlipakodi, anaonyesha mistari myeusi ya msimbo kwenye kopo, na mteja anaridhika. Leseni ya biashara haisemi lolote juu ya kilichomo ndani ya kopo. Mkiulizwa, lielezeni hilo kwa upole, kila siku, bila kuchoka. Waingereza walichelewa mpaka mwaka 1941 ndipo sheria yao ikawalazimisha wauzaji kutaja viambato vya dawa hizo, miaka 32 baada ya kitabu kile.

Wanangu, msinielewe vibaya. Sikuja hapa kuwafundisha kudharau majani. Anayedharau majani hajui dawa zake zilikotoka.

Kati ya mwaka 1858 na 1863, daktari Mskochi John Kirk alisafiri na Livingstone katika bonde la Zambezi na Shire. Wawindaji wa kule walipaka mishale yao sumu ya mmea uitwao kombe. Kirk aliweka sampuli ya sumu hiyo mahali pamoja na mswaki wake. Siku moja akiwa na mafua alipiga mswaki, akasikia uchungu mdomoni, kisha akagundua kwamba mapigo ya moyo wake yamepungua. Hakulipuuza. Mmea ulipelekwa Uingereza, na Profesa Thomas Fraser wa Edinburgh akaufanyia kazi mpaka ikapatikana dawa ya moyo, strofanthini, iliyotumiwa na madaktari kwa miaka mingi. Kirk mwenyewe baadaye akawa balozi wa Uingereza Zanzibar, na jina lake limo vitabuni. Wawindaji walioijua kombe, walioijua nguvu yake na namna ya kuitayarisha, hawakutajwa kwenye chupa wala hawakulipwa senti. Hiyo nayo ni dhuluma ya kuficha: kuficha mwenye elimu.

Kwa hiyo usiri hudhulumu pande mbili. Unamdhulumu mgonjwa asiyejua anakunywa nini, na unamdhulumu mganga wa kweli, kwa sababu dawa yake nzuri inakaa meza moja na ya tapeli na hakuna anayeweza kuzitofautisha. Anayenufaika ni tapeli peke yake.

Njia ya kutoka hapo inajulikana. Dawa mseto mtakayoitoa kila siku kwa mgonjwa wa malaria ina asili ya mmea wa pakanga, uliotajwa katika vitabu vya kale vya tiba vya China. Mtafiti Tu Youyou na wenzake waliusoma upya, wakaupima, na mwaka 1972 wakapata kiini chake. Mwaka 2015 mama huyo alipewa Tuzo ya Nobel. Jani likatajwa, likapimwa, likaandikiwa kipimo, na leo linaokoa watoto wa Mbagala.

Hapa kwetu msingi upo. Utafiti wa tiba asili ulianza Muhimbili mwaka 1974, na leo kuna taasisi kamili. Tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, na Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Mganga aliyejisajili na kupeleka dawa yake ikapimwa amefanya jambo ambalo Beecham hakulifanya. Mpeni heshima yake.

Kinachobaki ni kazi yenu kaunta. Nitawasimulia tukio moja. Mama mmoja wa makamo, mgonjwa wa presha, alikuja dirishani kwangu na karatasi ya daktari. Nikamuuliza: "Shikamoo mama. Kuna dawa nyingine unayotumia nyumbani?" Akatazama kulia na kushoto, akatoa kichupa chini ya khanga. Akanong'ona kwamba ameambiwa akiutaja mti dawa itaisha nguvu. Sikumcheka, wala sikumkemea. Nilimwomba arudi kwa mganga wake, amwambie mfamasia anataka kujua tu, kwa ajili ya usalama wake. Siku ya pili akaja na tawi lenye majani, na salamu kutoka kwa mganga. Tukaandika jina la mti kwenye kadi yake, na daktari akajua mgonjwa wake anatumia nini.

Mficha uchi hazai. Lakini mtu hafichui mbele ya anayemdharau.

Wahitimu, nawaagiza mambo matatu. Kwanza, kila mgonjwa aulizwe swali lile, kwa sauti ya chini na kwa adabu, maana miti inaweza kugongana na vidonge. Pili, msiuze chochote msichojua kilichomo. Wakaguzi katika nchi nyingi wamekuta unga unaoitwa wa asili umechanganywa kwa siri na dawa za viwandani, hasa unga wa nguvu za kiume, na mwenye moyo mbovu anaweza kufa kwa hilo. Faida yake kubwa isiwatie tamaa. Tatu, mgonjwa wa kisukari, wa kifua kikuu au anayetumia ARV akikwambia ameacha vidonge kwa sababu ya kikombe au chupa ya miti shamba, usimwache aondoke hivi hivi. Mkalishe, mweleze, mrudishe kliniki.

Na kwa waganga walioko hapa leo, maana najua mpo na ni wazazi wa baadhi ya vijana hawa: pelekeni dawa zenu zikapimwe, tajeni miti yenu, na shirikianeni na watoto hawa mliowasomesha. Elimu yenu isife nanyi, na isiibwe tena kama ya wale wawindaji wa Zambezi.

Kwa maneno hayo, nawatakia wahitimu kazi njema na maisha ya uaminifu.